Kumpokea Mgeni Kwenye Kikundi cha Kiko: Mwongozo kwa Wenyeji wa Nyanda za Juu Kusini

Vikundi vya wapenda kiko huku kwetu ni vidogo. Mbeya mjini, Iringa, Njombe au Tukuyu utakuta watu wanne au watano wanaokutana barazani kwa mmoja wao jioni ya Jumamosi: mwalimu mstaafu, fundi seremala, dereva wa masafa marefu, mtu mwenye shamba la chai au parachichi. Kwa kuwa ni wachache, mgeni mmoja akipokelewa vibaya wote wanaumia. Na mgeni wa kiko haumizwi kwa kununiwa, maana watu wa huku hawanuni. Anaumizwa kwa kuharakishwa. Anafika tu, wote wanamfundisha kwa mpigo, anajaziwa kiko hadi juu, anawashiwa, anavuta kwa kasi ya sigara, na nusu saa baadaye ulimi umeungua, kichwa kinazunguka, naye anatafuta sababu ya kuondoka bila kuwaudhi.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwenyeji. Kazi yako kubwa ni kumpunguzia mgeni mwendo, kuanzia siku anapoomba kuja hadi siku atakapojua mwenyewe anataka nini.

Kwanza: hakikisha amekuja kwa hiari yake, na ni mtu mzima

Hatutafuti wanachama. Tumbaku ni kitu cha kumtawala mtu, kwa hiyo haifai kutangazwa wala kusifiwa mbele ya asiyeitumia. Mgeni akija, mkalishe pembeni kabla ya kikao na umuulize mambo matatu kwa upole: anavuta chochote kwa sasa? Ana tatizo la kifua, moyo, presha au meno? Na kwenye kiko anatafuta nini hasa?

Umri uulizwe bila kuoneana haya. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Iringa na Mbeya ni miji ya vyuo, na kijana wa mwaka wa kwanza anaweza kuvutiwa na kiko kwa sababu tu kinampa sura ya utu uzima. Mwambie tu, "Mwanangu, hapa ni pa watu wazima," na kama ana miaka 17, arudi nyumbani siku hiyohiyo. Mimi naona hata mwenye miaka 19 asipewe moto kama hajawahi kutumia tumbaku.

Hapo ndipo penye kanuni ninayoomba kila kikundi kiishike: mtu ambaye hajawahi kuvuta kabisa hawashiwi kiko. Anakaribishwa kukaa, kushika viko, kujifunza kuvichonga na kuvisafisha, kusikia habari zake. Akiondoka bado havuti, amepokelewa vizuri. Mjamzito asikae kwenye moshi wenu hata kidogo, wala mtu aliyeacha sigara akiwa bado anapigana nayo. Mwenye kifua kikuu au pumu, mtafutieni mahali pengine pa kuongea.

Pili: mwambie ukweli wa afya kabla ya kumwambia utamu

Jambo hili lisisubiri siku ya tatu. Lisemwe kikao cha kwanza, na lisemwe na mtu anayevuta, maana ndiye atakayeaminika.

Wavutaji wengi wa kiko hujifariji kwamba kwa kuwa hawamezi moshi, hawadhuriki. Hiyo si kweli. Kiko husababisha saratani ya mdomo, midomo, koo, umio na mapafu, na huongeza hatari ya magonjwa ya moyo. Hakuna kiwango kilicho salama. Nikotini nayo haihitaji mapafu ili iingie mwilini. Moshi wa majani yaliyokaushwa kwa hewa au kwa moshi wa kuni una asili ya magadi, na nikotini iliyomo hupenya kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa mtumwa wa kiko bila kumeza moshi hata mara moja.

Halafu kuna hawa wanaotoka kwenye sigara. Wanakuja wakiamini kiko kitawasaidia kuacha. Mazoea ya sigara hayatoki haraka: mtu aliyezoea kumeza huendelea kumeza, na sasa anameza moshi mzito zaidi. Kama nia yake ni kuacha, mpeleke kwa daktari au kituo cha afya apate msaada wa kuacha kabisa. Usimpe kiko kama dawa.

Mshauri pia kila mvutaji afunguliwe mdomo na daktari wa meno angalau mara moja kwa mwaka. Kidonda au doa jeupe mdomoni lisiloisha kwa wiki mbili au tatu halisubiri miadi. Aende mara moja.

Tatu: pangeni mahali pa kukaa

Barazani panafaa kuliko ndani. Watoto wasiwepo, na mwenye nyumba awe amekubali kwa moyo, pamoja na mkewe au mumewe. Baa na mgahawa uliojaa watu si mahali pake.

Huku juu upepo ni jambo la kweli. Makambako na Njombe kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa baridi huwasha kiko kwa nguvu kuliko pumzi yako, bakuli lake (sehemu inayojazwa tumbaku) linachemka, na mgeni anadhani kosa ni lake. Mkalishe akiupa upepo mgongo, au nyuma ya ukuta.

La moto naomba lisikilizwe kwa makini. Kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza za Novemba, nyasi zetu hukauka kabisa. Mkiwa Mufindi, karibu na misitu ya misonobari ya Sao Hill, kaa dogo lililogongwa chini kutoka kwenye kiko linatosha kuleta msiba. Mgeni afundishwe mwanzoni kabisa kwamba kiko hakigongwi kwenye nyasi wala kwenye shina la mti. Wekeni kopo la maziwa ya unga lenye mchanga katikati ya duara. Majivu na njiti za kiberiti zinaingia humo, na maji kidogo yanamwagwa juu yake kabla ya kuagana.

Nne: mpe mwenyeji mmoja

Hapa ndipo vikundi vingi vinapokosea, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Chagueni mtu mmoja awe mwenyeji wa mgeni kwa vikao vyote vya mwanzo. Wengine wasalimie, waongee habari za mvua, za bei ya mahindi, za barabara, lakini wasifundishe. Kila mvutaji ana njia yake ya kujaza kiko na kila mmoja anaamini ndiyo sahihi. Mgeni akisikia njia tano kwa jioni moja hatashika hata moja.

Salamu zina kazi yake. Mgeni akiingia, wenyeji wasimame. Kama ni mkubwa kwenu apewe shikamoo na kila aliye mdogo kwake, hata kama mdogo huyo ndiye bingwa wa viko kikundini. Iringa utasikia "kamwene", kwa Wanyakyusa "ugonile", na salamu ya kilugha humlegeza mtu haraka kuliko maelezo yoyote. Kisha apewe chai. Chai ya Mufindi au Rungwe, yenye sukari, pamoja na kitu cha kutafuna kama viazi au ndizi za kuchoma, kwa sababu mtu mwenye njaa asiguse kiko. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Sasa, mara nyingi mgeni wa kiko ni mzee kuliko mwalimu wake. Mtu amestaafu, amerudi Rungwe au Ludewa, anataka kitu cha kumtuliza jioni. Kumfundisha mzee wa miaka 65 kama unavyomfundisha kijana ni kumdhalilisha, na mzee aliyedhalilishwa hasemi, hatarudi tu. Mwenyeji mdogo aombe ruhusa kwanza: "Mzee, naomba nikuoneshe ninavyofanya mimi, halafu utachagua." Afanye kwenye kiko chake mwenyewe, polepole, bila kumnyang'anya mgeni kiko mkononi. Akiona mzee amekosea, asiseme "hapana". Arudie yeye tendo hilo vizuri mahali mzee anapoona. Atafuata.

Na kama mgeni ni mama, msishangae. Kwenye vijiji vingi vya nyanda hizi bibi mwenye kiko alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Aitwe mama au dada kama ilivyo heshima, asiulizwe "na wewe unavuta?", wala asipewe kazi ya kumimina chai. Nimeona swali hilo moja likifunga mlango.

Jambo la mwisho hapa: kiko hakizungushwi mdomo kwa mdomo. Najua desturi ya zamani ya kupokezana kiko cha maji, na najua ilivyowaunganisha watu. Lakini kifua kikuu bado kipo kwetu, na ukarimu wa leo ni kila mtu kuwa na mdomo wake wa kiko.

Tano: kiko cha kuanzia

Mgeni asinunue kitu kwa wiki za mwanzo. Kikundi kiwe na viko viwili vitatu vya akiba vilivyosafishwa na kubadilishwa mdomo.

Kiko bora cha kuanzia ni cha gunzi. Ni chepesi, hakina masharti, hunyonya unyevu, na kikiungua hakuna anayelia. Wengi hudhani ni kitu cha maskini au cha kuchezea, kumbe kina historia ya heshima. Mwaka 1869 fundi mbao mhamiaji kutoka Uholanzi, Henry Tibbe, alianza kutengeneza viko vya magunzi mjini Washington, jimbo la Missouri, Marekani. Mwaka 1878 alipata hataza ya kupaka plasta nje ya gunzi ili uso wake uwe laini na mgumu. Kiwanda kilichotokana na kazi yake, Missouri Meerschaum, bado kinatengeneza viko hivyo.

Sisi tunaoishi kwenye ghala la mahindi la nchi tunaweza kuvitengeneza wenyewe, na hiyo ni kazi nzuri ya kumpa mgeni asiyevuta. Unahitaji gunzi nene. Mbegu nyingi za kisasa zina gunzi jembamba lenye moyo laini mpana, na hilo halifai. Tafuta kwa wakulima wanaopanda mahindi ya kienyeji yenye magunzi makubwa. Yaanike mahali pakavu penye hewa kwa miezi mingi, hata mwaka mzima. Huko Missouri huyaacha yakauke muda mrefu kabla ya kuyagusa. Kata kipande cha urefu wa vidole vinne, toboa moyo wake usifike chini kabisa, acha sakafu ya upana wa kidole. Shina liwe la tete au mwanzi mwembamba uliokauka, lipenye ubavuni na kutokea karibu na sakafu ya bakuli. Usipake vanishi wala rangi, usitumie gundi ndani, na usiweke kipande cha mpira wa maji kama mdomo. Hivyo vyote vikipata joto hutoa sumu. Vilevile usichonge bakuli kwa mti usioujua, kwani baadhi ya miti ina utomvu wa hatari.

Baadaye mgeni ataanza kuuliza kuhusu viko vya mbao. Mti wa kiko unaojulikana duniani ni braya: uvimbe unaoota kwenye mzizi wa kichaka kiitwacho Erica arborea, kando ya bahari ya Mediterania. Uvimbe huo huchemshwa kwa saa nyingi kisha hukaushwa kwa miezi au miaka. Mji wa Saint-Claude, Ufaransa, ndio uliojenga jina lake juu ya viko hivi katika karne ya 19. Vichaka vya ukoo huohuo wa Erica vipo kwenye milima yetu mirefu, Rungwe ikiwemo, lakini mtu asije akawaza kwenda na jembe. Ule ni msitu wa hifadhi.

Mweleze pia kuhusu mishamu, lile jiwe jeupe jepesi linalochongwa viko na kubadilika rangi taratibu kuwa la asali kadiri linavyotumika. Watu wote hutaja Eskişehir, Uturuki. Wachache wanajua kwamba lilichimbwa pia kwetu, Sinya, Longido, karibu na mpaka wa Kenya, na kwamba viko vilivyotengenezwa kwa jiwe hilo Arusha viliuzwa nje ya nchi kwa jina hilihili la Kiko. Ukikutana nacho kwenye vitu vya kale, kiangalie kwa makini. Huenda umeshika kazi ya mikono ya Tanganyika.

Na wapo wanaokuja na kiko cha babu au bibi kwenye kitambaa. Huyo mpokee kwa uangalifu wa pekee. Usikimbilie kukikwangua wala kukiosha. Muulize kilikuwa cha nani, na kama ukoo umeridhia kitumike. Viko vingine vinafaa kukaa kabatini, na kazi ya kikundi ni kumsaidia kukipiga picha, kukisafisha kwa kitambaa kikavu na kuandika alichosikia kukihusu.

Sita: tumbaku

Hapa mgeni wa Mbeya ana swali tayari: "Si tunalima Chunya? Kwa nini tununue ya kopo?"

Ajibiwe vizuri. Chunya hulimwa tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwenye mabani (vibanda vya kukaushia) kwa joto la kuni lisiloruhusu moshi kugusa jani. Jani hubaki la manjano na lenye sukari nyingi. Ruvuma, upande wa Namtumbo na Songea, ndiko kwenye historia ya tumbaku ya moshi, ambayo moto huwashwa chini ya majani yenyewe. Hutoka meusi, makali, yenye harufu ya jiko. Ipo pia ya hewa, inayoning'inizwa kivulini ikauke yenyewe. Duniani kote viko hujazwa mchanganyiko wa makundi haya, pamoja na mengine kama Latakia, tumbaku yenye asili ya Syria na Kupro, inayofukizwa moshi wa miti yenye harufu.

Lakini jani linalotoka bani si tumbaku ya kiko. Halijachachushwa wala kukaa miaka likatulia, na ukilivuta hivyo linachoma koo na kutia kichefuchefu. Zaidi ya hayo, jani hilo lina mwenyewe. Mkulima amesajiliwa, amekopeshwa mbolea kupitia chama chake cha msingi, na mauzo yake yanasimamiwa na Bodi ya Tumbaku. Ukimshawishi akumegee kilo mbili pembeni unamwingiza kwenye matatizo. Wapeleke wageni Chunya waone mabani kama wanapenda, wasikie pia habari ya misitu ya miombo inayokatwa kwa ajili ya kuni hizo. Warudi mikono mitupu.

Kwa mvutaji mpya kwenye kiko, chagua mchanganyiko mwepesi. Ya moshi ikae mbali naye kabisa. Ya mvuke tupu nayo ina mtego wake: sukari huifanya iwake moto mkali, na ndiyo inayoongoza kwa kuchoma ulimi.

Unyevu ndio siri ambayo haifundishwi vya kutosha. Chukua tumbaku kidogo, ibane kwa vidole viwili kisha iachie. Ikibaki imeshikamana kama donge, ni mbichi. Itandaze kwenye karatasi kwa dakika 20 au zaidi. Ikivunjika kwa mlio, imekauka mno. Inayofaa hujifungua taratibu. Iringa wakati wa kiangazi kopo lililoachwa wazi usiku mmoja hukauka, wakati Tukuyu, ambako mvua karibu haiachi, tatizo ni ukungu. Tumia chupa ya kioo ya jemu yenye kifuniko kinachobana. Wapo wanaotia ganda la kiazi au kipande cha tofaa ndani ili kuilainisha. Acheni, ndiyo njia ya haraka ya kuotesha ukungu. Na tumbaku yenye ukungu hutupwa yote.

Chupa hiyo ikae juu, mtoto asipofika. Mtoto akila tumbaku, hata kidogo, ni hospitali moja kwa moja.

Saba: moto wa kwanza

Hakikisha amekula, maana nikotini humgeuza tumbo upesi mtu mwenye njaa. Hakikisha ana kikombe cha maji pembeni.

Jazeni nusu bakuli tu. Tumbaku idondoshwe kwa kuachiwa, ishindiliwe kidogo sana, iongezwe, ishindiliwe kidogo zaidi. Kabla ya kuwasha avute hewa: ipite kwa ukinzani kidogo, kama kunywa soda kwa mrija. Ikigoma, amwage aanze upya. Hakuna njia ya kuokoa kiko kilichobanwa sana.

Njiti ya kiberiti iachwe sekunde moja ili baruti iishe, ndipo iletwe juu ya bakuli na kuzungushwa huku akivuta pafu fupifupi. Majani yatainuka na kujikunja. Ashindilie kwa upole kwa kijiti bapa (cha mwanzi au mpingo kinatosha), kisha awashe mara ya pili. Moto huo wa pili ndio wa kudumu.

Kuanzia hapo, neno lako liwe moja: polepole. Moshi uingie mdomoni na kutoka, usimezwe. Pafu moja, halafu maneno, halafu jingine. Mwambie aguse bakuli kwa shavu. Likimchoma, akiweke chini. Kikizimika, vizuri, kizimike. Wageni huona aibu kuwasha tena mbele za watu, kwa hiyo wanavuta kwa nguvu ili moto usife, na hapo ulimi unaungua. Mwenyeji aache chake kizime makusudi, akiwashe tena kwa utulivu. Somo hilo halihitaji maneno.

Kikianza kukoroma kuna maji ya mate au mvuke ndani ya shina. Apitishe waya laini wenye pamba wa kusafishia viko bila kuchomoa mdomo, maana kiko cha mbao kikifunguliwa kingali cha moto, shina hupasuka au mdomo hulegea.

Sasa dalili za kuangalia. Nikotini ikizidi, mate hujaa mdomoni, jasho baridi linatoka, uso unapauka, tumbo linageuka. Mgeni wa kiume mara nyingi atanyamaza na kuendelea ili asionekane mnyonge. Mwenyeji asisubiri kuambiwa. Mchukulie kiko, mtoe penye moshi, mpe maji na chai yenye sukari, akae mpaka atulie. Kwa kawaida hupita akipumzika. Akiendelea kutapika, moyo ukienda mbio au akichanganyikiwa, mpelekeni hospitali. Na asirudi na pikipiki peke yake jioni hiyo. Mmoja wenu amsindikize.

Nane: kusafisha

Kiko kikipoa, majivu yanaingia kopo la mchanga, waya unapita hadi utoke mkavu, bakuli linafutwa kwa kitambaa au karatasi. Kisha kipumzike siku nzima au zaidi kabla ya kuvutwa tena. Tabaka jeusi linaloota ndani ya bakuli la braya linalilinda, ila lisizidi unene wa sarafu. Likizidi, likwanguliwe kidogo kidogo. Mishamu haitakiwi kuota tabaka hilo kabisa, futa kila mara.

Tisa: wiki zinazofuata

Usimpigie simu kila siku. Mjulishe kikao kijacho na umwachie. Asiporudi, mjulie hali kama jirani bila kutaja kiko.

Akirudi na maswali ya kununua, mzuie kwa upendo. Viko vya nje ni ghali, usafirishaji na ushuru huongeza, na sokoni vipo viko vilivyopakwa rangi ya mbao vinavyoitwa braya. Aje navyo kikaoni kabla ya kulipa. Anayevuta kiko kimoja kwa wiki asishawishiwe kuvuta vitatu. Kikundi kisihesabu nani kavuta zaidi, wala kusiwe na mashindano ya nani kamudu tumbaku kali.

Yule asiyevuta apewe nafasi kamili. Ndiye mara nyingi anayekuwa mchongaji hodari, au mtunza kumbukumbu, na kura yake kwenye mambo ya kikundi ni sawa na ya wengine.

Halafu siku moja mwenzenu atasema anataka kuacha. Atasema kwa sauti ya chini kwa sababu anaogopa kuwapoteza. Aambiwe palepale kwamba nafasi yake ipo. Mwulizeni viko vyake avitunze nani: wengine hupenda vikae kwa rafiki, wengine hupenda viuzwe au vigawiwe. Tumbaku yake ichukuliwe siku hiyohiyo isilale nyumbani kwake. Kama anatetemeka, halali au ana hasira zisizo za kawaida, asindikizwe kituo cha afya. Na kwa miezi ya mwanzo, wawili kati yenu mkutane naye mahali pengine, Jumamosi asubuhi badala ya jioni, kwa kahawa ya Mbozi, na nguo mlizovaa ziwe zimefuliwa moshi ukatoka.